Batli na Nyayo: Tarikhi ya Kumbukumbu za Programu za Wavuti

Mwaka 1949, katika Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza, mtambo wa hesabu ulioitwa EDSAC ulipoanza kufanya kazi zake za kwanza, Maurice Wilkes, ambaye ndiye aliyesimamia ujenzi wake, alitambua, kama alivyokuja kusimulia baadaye katika kitabu cha maisha yake, ya kuwa sehemu kubwa ya umri uliombakia ingepita katika kutafuta makosa ya programu alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe. Siku zile, programu ilipokwama, mwenyewe aliweza kuusimamisha mtambo, akautembeza hatua kwa hatua, akakodolea macho vioo vilivyoonyesha yaliyomo ndani yake, ilhali wenziwe wanangoja zamu. Na kwa kuwa mtambo ulikuwa mmoja na wenye haja nao walikuwa wengi, desturi hiyo haikuwa ya kudumu. Stanley Gill, kijana mmoja wa pale, akaeleza njia nyingine katika makala iliyochapishwa na Royal Society ya London mwaka 1951: programu yenye kushukiwa isiachiwe kukimbia peke yake, ila itiwe chini ya programu ya pili ambayo huisoma amri baada ya amri, huitekeleza kila amri kwa niaba yake, na huchapa katika karatasi herufi ya amri ile, hata mwenye kazi aweze kuichukua karatasi yake, aende zake, akaisome kwa wasaa na kuona ni wapi programu ilipoiacha njia. Gharama yake ilikuwa dhahiri, kwa maana mtambo wenye uwezo wa kutekeleza mamia ya amri katika sekunde moja ulilazimika kufuata mwendo wa mashine ya kuchapa, ambayo haikuweza zaidi ya herufi chache katika muda huo huo.

Hiyo ndiyo asili ya ufuatiaji nyayo wa programu, na sifa ulizozaliwa nazo ungali nazo hata leo: ni chombo cha yule yule aliyeiandika programu, hutumika wakati wa kujaribu, husema mengi kuliko yanayohitajiwa, huichosha mashine, na kazi ikiisha huondolewa. Batli, yaani daftari la safari la nahodha, ina nasaba nyingine. Nahodha huandika batli yake akijua kuwa huenda itasomwa na mwenye chombo, au na hakimu, au na nahodha atakayemrithi usukani, na kwa hiyo huiandika kila zamu, bahari ikiwa shwari au imechafuka, kwa maneno machache yenye saa na tarehe. Haandiki kwa kuwa ameshuku jambo, huandika kwa kuwa hajui ni siku gani litatokea jambo la kushukiwa. Mabishano marefu ya watunga programu za wavuti, kama inafaa kutumia viunzi vya batli vilivyotungwa na watu wa nje au kutosheka na ufuatiaji nyayo uliokuja pamoja na mfumo wenyewe, yamezaliwa hapo, katika kukutana kwa nasaba hizi mbili, na waliobishana hawakuwa daima na habari ya kuwa ni mbili.

Programu hazikuhitaji batli ya namna ya nahodha mpaka zilipoanza kufanya kazi peke yake, usiku na mchana, mbali na macho ya waliozitunga. Mfano ulio bora umetoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 Eric Allman alitunga Sendmail, programu ya kupeleka barua baina ya kompyuta na kompyuta. Barua zilifika saa yoyote, kutoka kwa mtu yeyote, na ikiwa moja imepotea hapakuwa na karani wa kuulizwa. Allman akatunga pamoja nayo kitu kidogo kilichoitwa syslog, ambacho kanuni yake ilikuwa kwamba programu haina haja ya kujua maneno yake yataandikwa wapi. Iseme tu jambo lenyewe, itaje idara inayolisema, na ionyeshe uzito wake kwa daraja, ambazo baadaye zilitulia kuwa nane, kuanzia balaa lenye kuuangusha mfumo mzima mpaka maneno madogo ya kutafutia makosa. Kisha mtunza kompyuta ndiye mwenye hiari ya kuamua, katika faili lake la mipangilio, kama maneno ya daraja fulani yaingizwe daftarini, au yapelekwe kwa kompyuta nyingine, au yatupwe. Wazo hilo la kumtenga msemaji na mahali pa kuandikia ndilo kubwa kuliko yote katika tarikhi hii, na ni ajabu kwamba lilitumika kwa takriban miaka 20 bila ya waraka rasmi wa kulieleza. Waraka wa kwanza, RFC 3164, ulitoka mwaka 2001, nao haukufanya zaidi ya kusajili mazoea yaliyokwisha kuota mizizi. Kanuni iliyopangwa barabara, RFC 5424, ilingoja mpaka mwaka 2009.

Wavuti nao ulizaliwa ukiwa na daftari mkononi. Seva ya NCSA, iliyotungwa na Rob McCool katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1993, iliandika mstari mmoja kwa kila ombi, na umbo la mstari ule, lililorithiwa na seva ya Apache mwaka 1995, linasomwa hata leo na kila mtunza seva: anwani ya mgeni, jina lake ikiwa linajulikana, saa na tarehe, ombi lenyewe, nambari ya jibu, na ukubwa wa jibu kwa baiti. Tena PHP, lugha ambayo imebeba sehemu kubwa ya kurasa za dunia, ilianza kama programu ndogo ambazo Rasmus Lerdorf alijitungia mwaka 1994 ili ajue ni nani wanaousoma wasifu wake aliouweka wavutini. Yaani ilianza kwa hamu ya kuandika batli, na mengine yote yakafuata.

Lakini batli ya seva ilijua ombi lililoingia na jibu lililotoka, na haikujua yaliyotendeka baina ya mawili hayo. Microsoft ilipoleta ASP mwishoni mwa mwaka 1996, na kurasa zikaanza kuandikwa kama programu zenye kufikia hifadhidata, kufanya hesabu na kukumbuka wageni, mwenye kutafuta kosa hakuwa na njia nyepesi kuliko kuchapa maneno ndani ya ukurasa wenyewe kwa amri ya Response.Write: hapa nimefika, thamani hii ni tupu, hapa sikufika. Aliyesahau kuyafuta maneno hayo aliwaonyesha wateja wake matumbo ya kazi yake, na waliosahau hawakuwa wachache. Njia yenyewe haikuwa ya aibu, kwa kuwa Brian Kernighan, mmoja wa mabingwa wa Unix, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1979 ya kuwa hakuna chombo cha kutafutia makosa kinachoshinda fikra za makini zikisaidiwa na amri za kuchapa zilizowekwa kwa busara. Katika haraka ya kazi, amri za kuchapa zilibaki na busara ikaachwa.

Mwanzoni mwa mwaka ule ule wa 1996, huko Ulaya, mradi ulioitwa SEMPER, ambao azma yake ilikuwa kujenga soko salama la biashara kwa njia ya kompyuta, uliamua kujitungia chombo chake cha kufuatia nyayo. Waliokitunga walikiita hivyo, chombo cha nyayo, na hawakuwa na nia ya kuandika batli kwa ajili ya ulimwengu. Chombo hicho kilirekebishwa, kikavunjwa, kikajengwa upya mara nyingi, na mkono uliokifinyanga zaidi ni wa Ceki Gülcü, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya utafiti ya IBM karibu na Zurich, Uswisi. Hatimaye kikatoka kwa jina la log4j, kwa ajili ya lugha ya Java, kikapewa makao katika jumuiya ya Apache, na toleo lake la 1.0 likatangazwa mwaka 2001. Basi kiunzi cha batli kilichopata kuwa mashuhuri kuliko vyote, ambacho jina lake limeigwa katika lugha nyingine nyingi za programu, kilizaliwa katika nyumba ya nyayo na kulelewa katika nyumba ya batli.

Uzuri wake ulikuwa katika mpango. Kila sehemu ya programu ilipewa msemaji wake mwenye jina, na majina yalifuata ukoo wa programu yenyewe, la mtoto likitanguliwa na la mzazi na nukta katikati. Aliyemnyamazisha mzazi alikuwa amewanyamazisha watoto wote, ila yule ambaye ametajwa peke yake kuwa aendelee kusema. Daraja zilikuwa tano, na maneno yaliyopita daraja iliyowekwa yalipelekwa popote palipoamriwa: katika faili, katika faili lenye kukatwa na kuanzwa upya likifika ukubwa fulani, katika hifadhidata, kwa barua pepe, au kwa syslog yenyewe. Mambo haya yote yaliandikwa nje ya programu, hata mtunza seva, ambaye pengine hajui kuandika hata mstari mmoja wa Java, aliweza kuigeuza programu kuwa msemaji sana au bubu bila ya kumwamsha aliyeitunga. Fauka ya hayo, watungaji waliangalia sana gharama, kwa maana waliijua ila ya kale ya ufuatiaji nyayo: programu iliweza kuuliza kwanza kama daraja hiyo inasikilizwa, na ikiwa haisikilizwi, sentensi haikutungwa kabisa.

Ingedhaniwa kuwa jambo limekwisha, lakini kampuni ya Sun Microsystems, mwenye Java, iliona kuwa lugha iliyokamilika haifai kuazima daftari kwa jirani. Kamati ikaundwa, na mwanzoni mwa mwaka 2002, pamoja na Java 1.4, ikatoka java.util.logging, batli iliyomo ndani ya lugha yenyewe. Gülcü alipinga hadharani, akiomba kwamba ikiwa ni lazima lugha iwe na batli yake, basi ijengwe juu ya ile iliyokwisha kujaribiwa na watu, lakini hakusikilizwa. Hoja za pande zote mbili zilikuwa na uzito. Chombo cha Sun hakikuhitaji faili lolote la nyongeza, na kwa mtu anayetunga programu ndogo hiyo si faida haba. Bali kilikuwa na milango michache ya kutolea maneno, kilihitaji Java mpya wakati makampuni mengi yalikuwa bado yamekaa na ya zamani, na daraja zake zilikuwa saba, tatu za chini zikiitwa FINE, FINER na FINEST, ambazo sijapata kukutana na mtu aliyeweza kunieleza ni lini jambo huacha kuwa la kwanza likawa la pili.

Walioumia ni wale wanaotunga maktaba za kutumiwa na watu wengine, maana maktaba haiwezi kumchagulia mwenye nyumba daftari lake. Mwaka huo huo wa 2002 ikaletwa Commons Logging, ambayo haikuandika chochote yenyewe; kazi yake ilikuwa kubahatisha, programu inapoanza, ni batli ipi iliyopo, kisha kuikabidhi maneno. Katika seva za wavuti, ambamo programu kadhaa hukaa pamoja na kila moja ina vipakiaji vyake vya madarasa, ubahatishaji huo ulikosea kwa namna ambazo ziliwachosha wataalamu, na kitu kilichowekwa ili kisaidie kutafuta makosa kikawa chanzo cha makosa yasiyotafutika. Mwaka 2005 Gülcü alileta SLF4J, iliyofanya kazi ile ile bila ya kubahatisha, na baada yake Logback, mrithi wa log4j aliyemtunga mwenyewe. Hapo ikawa kijana anayejifunza Java, akitaka kuandika sentensi moja katika faili, hukutana na majina matano kabla hajaiandika.

Upande wa Microsoft mambo yalianzia mwisho mwingine, kwa kuwa huko mfumo ulitangulia na viunzi vikafuata. .NET ilitoka katika miezi ile ile ya mwanzo wa 2002, na ndani yake ASP.NET ilikuwa na ufuatiaji nyayo ulio mzuri wa kutazama kuliko wowote uliopata kutolewa pamoja na mfumo wa wavuti mpaka wakati ule. Neno moja lililoongezwa juu ya ukurasa, au mstari mmoja katika faili la Web.config, lilitosha: chini ya ukurasa zikatokea jedwali zenye kila hatua iliyopitiwa, muda tangu hatua ya kwanza na muda tangu hatua iliyotangulia, mti wa vidhibiti vyote vya ukurasa na ukubwa wa kila kimoja kwa baiti, kuki, vichwa vya ombi, data za fomu, na vigeuzi vya seva. Maneno ya mwandishi mwenyewe yaliingia katikati ya hatua hizo, yale ya Trace.Write kwa rangi ya kawaida na yale ya Trace.Warn kwa rangi nyekundu. Na ilipozimwa, amri zake zilinyamaza bila ya kufutwa, kwa hiyo lile balaa la Response.Write likapata dawa. Hapo ndipo palipokuwa mahali pepesi pa kuuona uzito wa ViewState, ule mzigo uliofichwa ndani ya ukurasa ukisafiri kwenda na kurudi kwa kila ombi, na mtu akiisha kuusoma kwa baiti hawezi tena kusingizia mtandao peke yake.

Ambaye hakutaka jedwali hizo zionekane chini ya ukurasa aliweza kuzisoma mahali pa faragha, katika anwani ya trace.axd, na hapo ndipo mipaka ya chombo ilipojidhihirisha. Kwa desturi yake kilikumbuka maombi 10 tu, na yakitimia 10 kiliacha kuandika mpaka mtu aje kuyafuta; ilikuwa sharti kungoja toleo la 2.0, mwishoni mwa 2005, ndipo kikapewa uwezo wa kutupa ya kale na kushika mapya. Kilikumbuka katika kumbukumbu ya seva, wala si katika faili, na programu ikianzishwa upya yote yalipotea, ilhali kuanguka kwa programu ndiyo saa ambayo mtu anataka kujua yaliyotangulia. Tena ilikuwa hatari, kwa sababu aliyeufungua ukurasa huo kwa watu wa nje alikuwa amewafungulia kuki na siri za wageni wake. Kwa hakika mfumo wenyewe uliufunga usisomwe ila katika seva yenyewe, lakini mtu mwenye haraka hufungua kufuli, na wakaguzi wa usalama waliendelea kwa miaka mingi kuitafuta trace.axd iliyosahauliwa wazi.

Kulikuwa na Trace ya pili, nayo ilikuwa ndani ya System.Diagnostics, yenye wasikilizaji na swichi za daraja, ambayo kwa haki ndiyo iliyostahili kuitwa batli ya mfumo. Zilikuwa mbili zenye jina moja, na maneno yaliyosemwa katika moja hayakufika kwa nyingine mpaka zilipounganishwa katika toleo lile lile la 2.0, hata aliyekuwa mgeni katika kazi hii aliweza kukaa siku nzima akitafuta katika faili maneno aliyoyapeleka ukurasani. Msikilizaji wa faili wa siku zile za kwanza hakuandika saa wala tarehe isipokuwa mwandishi azitie mwenyewe, na hakujua kulikata faili likikua. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba log4net, nakala ya log4j kwa ajili ya .NET iliyoanzishwa na kampuni ya Neoworks mwaka 2001, ilipokewa kwa shangwe, na baada yake NLog ya Jarosław Kowalski wa Poland.

Hapo mabishano yakapamba moto. Wenye kutetea kilicho cha mfumo walisema kuwa kipo tayari, kimedhaminiwa na mwenye mfumo, hakiombi ruhusa ya wakuu wa ofisi wasiopenda faili za watu wasiojulikana, wala hakitakufa siku mtunzi wake atakapochoka. Wenye kutetea viunzi walisema kuwa kukatwa kwa faili, barua pepe ya dharura na ukoo wa majina ni vitu ambavyo kila mmoja angevijenga mwenyewe akivikosa, na angevijenga vibaya. Mimi naona kuwa walikuwa wakijibu maswali mawili kwa jibu moja. Aliyeuliza kwa nini ukurasa wake unachukua sekunde nne alikuwa mbele ya kazi yake, akiijua, akiweza kuirudia, na kwake jedwali za ASP.NET zilikuwa na faida kuliko kiunzi chochote. Aliyeuliza kwa nini malipo ya mteja mmoja yalikwama usiku wa Ijumaa iliyopita hakuwapo yalipokwama, hakuiandika programu, na hawezi kuurudisha usiku ule. Kwake mwenye kumbukumbu ya maombi 10 si shahidi. Chombo cha kwanza ni cha mtunzi, cha pili ni cha mgeni atakayekuja nyuma yake, na makampuni mengi yaliajiri watunzi kwanza, yakakumbuka wageni baadaye.

Ushahidi wa haja ya huyo mgeni ni ELMAH, iliyotungwa na Atif Aziz na kujulikana mwaka 2004, ambayo iliingizwa katika programu iliyokwisha kujengwa bila ya kubadilisha mstari wa msimbo, ikadaka kila hitilafu isiyodakwa na kuiweka mahali pa kusomeka. Haikuwa batli kamili wala haikuwa nyayo. Ilipendwa kwa kuwa haikumwomba mwandishi afanye jambo lolote, na watu wa kazi hii, mimi nikiwamo, huzipenda sana zana za namna hiyo.

Kisha seva zikazidi. Mwaka 2011 Adam Wiggins wa kampuni ya Heroku aliandika, katika kanuni zake kumi na mbili za programu za wavuti, kwamba programu isijishughulishe na mafaili ya batli hata kidogo. Iseme maneno yake katika mkondo wa kawaida wa kutolea, na mazingira yayachukue. Hilo lilikuwa wazo la Allman likirudi kwa vazi jipya. Lakini ombi moja lilipoanza kupitia seva kumi au mia kabla ya kujibiwa, batli za kila seva, hata zikiwa nzuri, zilikuwa vipande visivyojuana. Google ilieleza dawa yake katika ripoti ya mwaka 2010 juu ya mfumo wake ulioitwa Dapper: ombi linapoingia hupewa nambari, nambari hiyo husafiri nalo kila liendako, na kila seva huandika muda wake chini ya nambari ile. Kwa kuchelea ile gharama ambayo Gill aliijua, toleo lao la kwanza lilifuata kwa wastani ombi moja tu katika kila 1024. Twitter ikafuata kwa Zipkin mwaka 2012, na baada ya vikundi viwili kushindana, OpenTracing na OpenCensus, mwaka 2019 viliungana kuwa OpenTelemetry. Nyayo zilizokuwa za mtunzi katika karakana yake zikawa za kudumu, zikiandikwa saa zote, na mpaka baina yake na batli ukafifia.

Microsoft, kwa upande wake, iliposuka upya mfumo wake na kutoa ASP.NET Core mwaka 2016, haikuichukua trace.axd, wala haikujaribu kuvishinda viunzi. Iliweka katika mfumo mlango mmoja wa kusemea, ILogger, na kuviachia viunzi kazi ya kusikiliza. Serilog, NLog na wenzao wakaingia nyuma ya mlango huo, na mwandishi akaweza kusema kwa njia ya mfumo huku mtunza seva akisikiliza kwa kiunzi akipendacho. Serilog ya Nicholas Blumhardt ilikuwa imekwisha kuwazoesha watu kuandika jambo kwa vipande vyenye majina, yaani nambari ya oda peke yake na jina la mteja peke yake, hata batli iweze kuulizwa maswali kama hifadhidata, na mlango mpya ulijengwa kwa kuufuata mtindo huo. Nionavyo, huo ndio uamuzi ambao Sun ingaliweza kuufanya mwaka 2002, nao ungaliwaokolea watu taabu nyingi.

Viunzi navyo vilikuwa na deni lao, na lilidaiwa mwishoni mwa 2021. Log4j 2, kizazi cha pili kilichoandikwa upya na watu wengine, ilikuwa imejaliwa uwezo mwingi, na miongoni mwake ni ule wa kusoma ndani ya sentensi maneno yenye alama maalumu na kuyabadilisha kwa thamani zake. Mwaka 2013 uwezo huo uliongezewa kutafuta thamani kwa njia ya JNDI, ambayo huweza kwenda mpaka kwa seva ya mbali na kuleta msimbo wa kutekelezwa. Maadamu batli ya wavuti huandika aliyoyasema mgeni, kama jina la kivinjari chake au neno alilolitafuta, mgeni mwovu alikuwa na haja ya kutia alama chache tu katika jina lake, na daftari lenyewe lingemwendea kuchukua amri zake. Mtaalamu wa usalama wa Alibaba Cloud aliwaarifu Apache tarehe 24 Novemba 2021, habari zikaenea duniani tarehe 9 Desemba, na ila hiyo ikapewa alama 10 katika kipimo ambacho mwisho wake ni 10. Matengenezo ya kwanza hayakutosha, yakaja ya pili na ya tatu na ya nne kabla ya mwaka kwisha, na wengi waliokesha mwezi ule hawakujua hata kuwa wanayo log4j, kwa kuwa waliipata ndani ya maktaba waliyoipata ndani ya maktaba nyingine. Waliokuwa wakitumia java.util.logging tupu, na kuchekwa kwa unyonge wake, hawakuguswa na ila hiyo.

Hawakuguswa nayo pia wengi waliobakia katika log4j ya kale, toleo la 1.2, ambalo Apache walikuwa wametangaza mwisho wake mwezi Agosti 2015. Lakini lilikuwa na ila zake nyingine zisizotengenezwa, na wakaguzi, wakiwa sasa macho, waliwataka wenye nalo waliondoe. Kuliondoa kulikuwa rahisi kusemwa. Programu za mabenki na idara zilizoandikwa miaka ile zilikuwa na maelfu ya mistari yenye kulitaja, na waliozitunga walikwisha kutawanyika. Mwezi Januari 2022 Ceki Gülcü aliichukua log4j 1.2, akaziba ila zilizojulikana, akaitoa kwa jina la reload4j, akihifadhi majina yote ya ndani kama yalivyokuwa. Faili la zamani liliondolewa, jipya likawekwa mahali pake, na programu hizo zikaendelea kuandika batli pasina kubadilishwa mstari.